Nyanya Zilizobaki

Jumapili, Agosti 1995. Asubuhi jua kali, mchana mvua ya kufukuza watu.

Leo mdomo wangu karibu umharibie mtoto baraka zake.

Akinyi wangu, huyu niliyemsomesha kwa kuuza nyanya soko la Kibuye, Jumatano anapanda ndege kwenda kusoma zaidi. Mtaa wetu wa Kaloleni mzima hakuna mwingine, niseme ukweli. Baada ya ibada nikawaalika kina mama waje jioni kumwombea. Ningenyamaza hapo. Nikaongeza kwamba anaenda kusomea vitu vya giza.

Kina mama wakageuka kunitazama.

Mama Atieno, kiongozi wetu, akanivuta kando. "Mama Akinyi, giza gani? Ile ya wachawi wa kukimbia usiku? Si hata kwetu Kombewa angefundishwa bure? Hiyo hatuwezi kuombea."

Nikaenda sokoni na moyo mzito. Mvua ikashuka, watu wakatawanyika. Akinyi akaja kunisaidia kufunika nyanya. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakalia kreti.

"Mama, angalia soko. Muuzaji akipata mnunuzi, wote wanaenda nyumbani. Leo mvua imewatawanya mapema, hawakukutana, ndiyo maana nyanya zimebaki nyingi."

Akasema mwanzo wa ulimwengu ulikuwa hivyo. Kulikuwa na chembe ndogo sana, mbili zikikutana zinamalizana. Lakini ulimwengu ulikuwa unapanuka. Ukipanuka mbio, chembe zinaachana kabla hazijakutana, na zinabaki nyingi. Ukipanuka polepole, zinabaki chache. Hayo masalio hayatoi mwanga, ndiyo giza lake. Yeye anataka kujua mbio hizo zilikuwa za namna gani.

Nikabeba karai la nyanya mpaka kwa Mama Atieno, nikamfundisha kama mwalimu. Hata nikaongeza maneno yangu kidogo.

Jioni kina mama walijaa kwangu mpaka mlangoni. Mama Atieno akamwekea Akinyi mkono kichwani. "Baba, huyu mtoto anaenda kutafuta nyanya zilizobaki siku ile uliumba dunia. Mwonyeshe mahali ziko."

Sasa wameenda. Akinyi anakunja nguo zake, na mimi najiuliza: tumekutana vya kutosha, mimi na yeye, kabla hii nyumba haijapanuka mpaka ng'ambo?

Nimemuuliza hayo masalio yana kazi gani. Amesema hayaonekani, lakini ndiyo yanashika nyota zisitawanyike.

Basi, nyathina, mtoto wangu. Mimi nitabaki hapa Kaloleni, nikushike.