Ukurasa Niliouruka

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwenye joto la tanuri, wewe pamoja na shemeji na watoto. Natumaini yale malengelenge ya mikononi yamepona, na kwamba siku hizi wanakuruhusu kuketi angalau robo saa kati ya mikate ya asubuhi na ile ya mchana. Mimi ni mzima wa afya. Baba naye yupo, anakula vizuri, anadai chai yake iwe nzito, na bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia. Habari zake nyingine nitakueleza humu humu. Nakuomba tu usikimbilie mwisho wa barua kama ulivyozoea.

Nianze na kazi. Mwaka huu nimepewa darasa la tatu, watoto thelathini na sita wa miaka minane na tisa, niwafundishe kusoma Kiingereza. Hadithi za wanyama wanaozungumza hazinipi shida, hizo wanazimeza kama maji. Shida ni vitabu vya mambo ya kweli: mvua inatoka wapi, daraja linajengwaje, moyo unadundaje. Wiki ya kwanza nilikoma! Walikuwa wanafungua ukurasa wa kwanza na kusoma kwa sauti moja, neno kwa neno, mpaka jalada la nyuma, halafu ukiwauliza wamejifunza nini wanakukodolea macho. Mmoja aliinua mkono akauliza, katika kitabu cha madaraja, adui ni nani na atakamatwa lini.

Basi nikawazoesha njia nyingine. Kabla ya kusoma hata neno moja tunakitembelea kitabu taratibu, kama wageni wanaoonyeshwa nyumba. Tunatazama jalada, orodha ya yaliyomo, vichwa vidogo, picha, na yale maneno madogo chini ya picha ambayo watu wazima huyapuuza. Kila mtoto anaandika swali moja analotaka kitabu kimjibu. Ndipo tunasoma, tena tunaanzia penye jibu, hata kama ni ukurasa wa kumi na tisa. Na tuna sheria moja: ukisema kitabu kimesema, weka kidole pale kiliposema. Kama huna pa kuweka kidole, hayo ni mawazo yako, na mawazo yana nafasi yake nyuma ya daftari.

Kipindi chetu ni saa nane mchana. Watoto wameshiba, pazia la bluu limeshushwa, na mwanga unaopita hapo unaingia na rangi ya maji. Feni inazunguka kivivu, vumbi la chaki linaelea, hakuna mwenye haraka. Mwezi uliopita tulianza kitabu cha jinsi wanyama wanavyolala, na nakuapia darasa zima lilikuwa linasoma huku linaota. Tulikuta nyangumi waliosimama wima baharini, wamelala, wakubwa kuliko shule yetu, bila sauti yoyote. Tulikuta pomboo, ambaye nusu ya ubongo wake hulala na nusu hukesha, jicho moja likiwa wazi. Mtoto mmoja alifumba jicho moja akakaa hivyo mpaka kengele, akitaka kujua kama nusu yake itaota. Nilikuwa nasikia sauti zao ndogo kwa mbali, zikiyatamka yale maneno ya kigeni kwa uangalifu, na mara nyingine sikujua kama nafundisha au nimelala. Mwalimu mkuu alichungulia akauliza kuna nini, mbona kimya. Nikamwambia tunasoma, naye akaondoka kwa kunyata.

Hilo jicho moja la pomboo lilinikumbusha Baba, sitakuficha. Miaka arobaini ya kuchora mabango ya watu, na sasa jicho la kulia limezima kabisa, anamimina chai nje ya kikombe na kusingizia meza. Nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta dirishani ameugeuzia mwanga jicho la kushoto, ametulia tuli, nami napita nyuma yake moja kwa moja hadi chumbani kwangu.

Wiki tatu zilizopita tulifika kwenye ukurasa wa vifaranga vya pengwini, wale ndege wa nchi za barafu. Picha inawaonyesha wamebanana mamia kwa mamia, wamelala katikati ya dhoruba. Siku hiyo niliwasomea mwenyewe, wao wakifuata kwenye nakala zao. Chini ya picha palikuwa pameandikwa kwamba dhoruba ikidumu, baadhi ya vifaranga walio pembeni hawaamki. Niliziangalia zile nyuso, huruma ikaniingia, nikawaambia kitabu kinasema asubuhi wote huamka na kuwakuta mama zao.

Kuna msichana mmoja ambaye walimu tumempa jina la Mwanasheria, kwa sababu hakubali kitu bila ushahidi. Alisimama, akasema samahani mwalimu, akaniomba niweke kidole. Hakuwa na ujeuri hata kidogo. Alidhani ukurasa wake umepungua mstari, akataka kuuona kwenye wangu. Watoto thelathini na sita wakanisubiri, dada, na kidole changu hakikuwa na pa kwenda. Ikabidi niwasomee ilivyo.

Nilidhani watalia. Badala yake mtoto wa dawati la nyuma akauliza kama hao wa pembeni wanabaki pembeni siku zote. Wakaanza kupekua wenyewe, vichwa vidogo, orodha ya mwisho wa kitabu, wakinong'onezana, mpaka wawili wakalipata kurasa mbili mbele: ndege hao husogea, wa nje huingia ndani na wa ndani hutoka, wanapokezana baridi. Mwanasheria aliweka kidole. Darasa likashangilia utadhani wao ndio walioingia kwenye joto. Mimi nikatambua kwamba kama wasingeijua ile habari mbaya, lile swali wasingeliuliza.

Sasa, dada, kama umesimama, keti.

Ile ripoti ya daktari wa macho niliyowasomea miezi minne iliyopita, Baba akiwa kitini na wewe kwenye simu, sikuisoma ilivyo. Niliwaambia ni matone tu, ayatie kila asubuhi na jioni, na kwamba jicho la kushoto liko salama. Haikusema hivyo. Ilisema jicho la kulia halitarudi, la kushoto limeanza kuifuata njia ile ile, na kwamba afanyiwe upasuaji ndani ya miezi sita ili liokolewe. Kiingereza nakijua mimi peke yangu hapa nyumbani, kwa hiyo hakukuwa na wa kunipinga. Tangu mama afie chumba cha upasuaji, siwezi kumwona mtu wangu akisukumwa kupita mlango ule. Nilifika kwenye lile neno la upasuaji, nikaliruka. Nilijiambia nitalisema kesho. Kesho ikawa miezi mitatu na zaidi, na jicho lilikuwa ni lake, halikuwa langu.

Jioni ile ya pengwini nilirudi, nikaitoa ile karatasi chini ya godoro langu, nikakaa karibu na Baba. Nilikishika kidole chake nikakipitisha juu ya kila mstari, nikimtafsiria pole pole bila kuacha kitu. Tulipolifikia lile neno, kidole chake kilisimama chenyewe. Akaniambia hilo analijua. Unakumbuka hajui Kiingereza, anazijua herufi zake tu. Lakini neno hilo alilichora kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba cha upasuaji cha hospitali ya mjini, na akamwuliza muuguzi maana yake asije akakosea. Alilitambua siku ile ile ya kwanza, karatasi ikiwa mkononi mwangu. Alinisikiliza nikisoma, akasubiri nilifikie, sikulifikia.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Alisema aliniona natetemeka, akadhani nimesoma jambo baya kuliko upasuaji, jambo lisilo na dawa. Akaona bora aniache nimfiche, kwa sababu hakuona msaada mwingine ambao angeweza kunipa. Dada, nililia mpaka nikawa siwezi kupumua, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari. Hakutugombeza, aliuliza tu karatasi ilikaa wapi muda wote huo, nikamjibu ukweli. Alipima muda mrefu. Anasema nguvu ya jicho imeshuka, nafasi ni ndogo kuliko ilivyokuwa, lakini ipo, na kwamba hawezi kuahidi. Upasuaji ni Jumanne ya tarehe ishirini na mbili. Nimekuambatishia ripoti zote mbili, nimezitafsiri mstari kwa mstari kwa mwandiko wangu, na wewe uzisome bila mimi.

Uliniuliza siku ile kama uchukue likizo uje. Nilikuambia usihangaike. Najua shemeji alikuwa tayari amekukatia tiketi. Nikasirikie unavyotaka, nitakaa nisikilize, ila njoo kwanza. Baba alisema jana kwamba angependa akuone kabla ya siku hiyo, aukariri uso wako endapo mambo yatakwenda vingine. Kisha akaniomba nisikuandikie hilo, nisije nikakutisha.

Nimekuandikia.

Wasalimie shemeji na watoto, uwabusu wote kwa niaba yangu, na wenzako wa bandani uwape pole ya moto. Baba anakusalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku