Dirisha Lililochongwa Kinyume

MAELEZO YA SHAHIDI
Kosa: Shambulio la kudhuru mwili
Jina: Anajulikana kama Mama Gundi, mke wa majeruhi
Umri: Miaka 43
Kazi: Kukata karatasi na kupaka gundi kwenye karakana ya mumewe
Makazi: Vyumba vya nyuma, karakana hiyohiyo

Mume wangu huchonga picha kwenye vibao vya mbao na kuchapa vibandiko vya vitabu, yaani vile vikaratasi vyenye picha na jina la mwenye kitabu vinavyobandikwa ndani ya jalada. Kila mteja, mume wangu humuuliza anapenda nini. Mmoja alitaka baiskeli yake, mwingine paka wake. Mume wangu huenda kukitazama kitu chenyewe ndipo achonge. Hachongi kwa kusimuliwa.

Mwezi uliopita alikuja mke wa mpima ardhi. Wateja wengine huja kuagiza, kisha huja kuchukua. Huyu alikuja hata siku ambazo hakuwa na la kuagiza. Walizungumza vitabu. Mume wangu akaanza kuvaa shati lake la kutokea hata akiwa kazini. Nilimwambia, "Baba, wino hautoki kwenye shati hilo." Akasema, "Utatoka tu." Haujatoka.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi, mpima ardhi mwenyewe alifika kuchukua vibandiko vya mkewe. Alisalimia vizuri. Kazi ilikuwa haijachapwa, kibao kilikuwa mezani. Alikiinamia. Kilikuwa na dirisha lenye ufa kwenye kioo cha kushoto, na chini yake kikombe kilichovunjika mkono. Pahali pa jina palikuwa bado patupu.

Akasema, "Fundi, hili dirisha la chumbani kwangu umeliona wapi?"

Mume wangu akacheka. "La kwako? Karibu ukae, bwana."

"Sikuja kukaa! Ufa uko palepale. Uliingia chumbani kwangu lini?"

Badala ya kujibu kitu cha kueleweka, mume wangu alimjibu kama anavyowajibu wateja wote: "Mimi sichongi nisichokiona."

Mpima ardhi akachukua nyundo ya mbao, akampiga mkono wa kulia, ule wa kuchongea. Nilisikia mfupa. Jirani yetu mshonaji akamkimbiza mume wangu hospitali.

Mpima ardhi alibaki palepale mezani. Nilipaka kibao wino, nikalaza karatasi juu yake, nikasugua kwa kijiko, nikaibandua. Kibao huchongwa kinyume ili picha itoke sawa. Kwenye karatasi ufa ulikuwa kulia. Nikampeleka mpima ardhi jikoni kwangu, nikamwonyesha dirisha. Ufa uko kulia. Kikombe changu kilikuwa chini yake, na mkono wake uliovunjika.

Akasema, "Kumbe si langu." Akashusha pumzi. Mimi sikushusha.

Afande, umeniuliza kwa nini jikoni kwangu kuwekwe kwenye vitabu vya mke wa mtu. Nami nilimuuliza mume wangu jioni hiyo wodini. Alisema yule mama hakutaka chochote chake. Alimwambia, "Niwekee unachokipenda wewe." Nikamuuliza, "Hata kikombe changu?" Akasema, "Mama, si kilikuwa pale." Nikamfunika shuka. Daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena vizuri.

Umeniuliza pia kama kulikuwa na mahusiano. Dirisha lililochongwa si la chumbani kwa mtu. Ni langu. Zaidi ya hapo sijui. Tumeoana miaka kumi na tisa, na vitabu vyangu vyote nimeviandika jina kwa kalamu.

Ninaomba mahakama ikimaliza na kibao, nirudishiwe mimi. Si mume wangu, wala yule mama.

Niliyoyasema ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali kuwa ya kweli.

Sahihi: Mama Gundi

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa na mimi, mpelelezi wa shauri hili. Shahidi amekabidhi karatasi aliyoichapa siku ya tukio ili iwe kielelezo. Pahali pa jina si patupu. Shahidi amepajaza jina lake kwa kalamu. Nilipomweleza kuwa kielelezo hakiandikwi kitu, alijibu kwamba wakati anaandika kilikuwa bado hakijawa kielelezo.