Hodi Nyumbani Kwangu Mwenyewe

Mkongani,
12 Agosti 1956

Kwa dada yangu mpenzi Mwanapili, Msambweni.

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kifua chako kimetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu, ingawa mimi usingizi umenipaa.

Uliuliza habari za mkono wa Mbeyu. Mfupa umeunga. Lakini mtoto hutetemeka, hujikojolea, na chakula hakimpiti. Miaka minane tu, dada, na nguo zote zinampwaya.

Sote tulisema ni pepo. Majuma mawili yaliyopita nikamwita mganga Dama aje ampunge. Ngoma zilipokwisha kuwekwa uani, Dama akamtazama sana mtoto, kisha akawatoa watu wote, akanibakisha mimi na mke wangu Biasha. Akasema hapa hapana pepo. Mtoto hutetemeka kila mimi nikikohoa. Akaamuru ngoma zirudishwe. Nilitamani ardhi inimeze.

Alituambia dawa ni sisi wazazi. Biasha alale naye, amsikilize, asimnyamazishe. Mimi nisiingie chumbani mwake bila kupiga hodi, na asipoitikia nirudi zangu. Bakora niivunje mbele ya macho yake. Nimeivunja. Hucheka peke yangu, mwenye nyumba kupiga hodi kwake kama mgeni, lakini ni kicheko cha woga.

Sasa nakuomba radhi, dada. Nilikuandikia kwamba Mbeyu alianguka kutoka kwenye dungu la kulindia mahindi. Hakuanguka. Alisinzia huko juu, nyani wakala shamba, nami nikamteremsha nikampiga hadi mkono ukavunjika. Biasha aliona, nikamkataza kusema. Naogopa hata kukufikiria ukisoma hapa.

Jana nilipiga hodi, na kwa mara ya kwanza Mbeyu akanijibu: karibu, baba. Nikashika mlango, nikauona mkono wangu. Sikuingia. Siku zote hizi nilikuwa nikiogopa hataitikia. Sasa ameitikia, na mkono ni ule ule uliompiga. Njoo ukae nasi, dada, japo mpaka mvua za vuli. Nisiachwe peke yangu na mtoto huyu.

Biasha anakusalimu sana, na majirani wote wanakuulizia. Mbeyu nilimwuliza kama ana salamu zake kwako. Hakujibu, nami nikamwacha.

Wasalaam,
Nduguyo akuogopaye,
Chande