Siku Niliyoomba Povu Moja Tu

Jumanne jioni, Musoma. Jua limewaka tangu asubuhi bila aibu, upepo wa ziwani umegoma kabisa, na mimi nimekaa sebuleni kwetu Iringo na furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Kwetu! Bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu. Kwetu ni vyumba viwili, kochi moja, cherehani niliyokuja nayo kutoka kwa wazazi wangu Kabasa, kule Bunda, na Magesa.

Hasa Magesa.

Kwa mgeni wa blogu hii, Magesa ni mume wangu, mpya kabisa, bado ana mng'ao wa dukani. Ni mwanajeshi mzamiaji, na siku hizi amepewa kazi ya kubuni kifaa cha kupumulia chini ya maji. (Ameniruhusu kuandika haya. Kipande hiki amekisoma kwanza, amefuta sentensi moja tu, na yenyewe ilihusu jinsi alivyolia siku ya harusi.)

Nieleze kama alivyonieleza. Mzamiaji wa kawaida akipumua, hewa inapanda juu kwa mapovu, blu blu blu, hata bata wa ufukweni anajua kuna mtu chini. Mwanajeshi hatakiwi kujulikana alipo. Kwa hiyo kifaa chao hakitoi mapovu. Hewa anayoitoa mdomoni inaingia kwenye mfuko wa mpira, inapita kwenye kopo lenye punje za chokaa maalumu zinazonyonya uchafu wake, inaongezewa oksijeni, halafu inamrudia. Hewa ileile inazunguka, hakuna kinachopotea.

Aliponieleza hivyo mara ya kwanza nilitokwa na machozi. Nikamwambia, "Kama mapenzi yetu."

Akafikiri kidogo. "Ila sisi hatubadilishiwi chokaa."

Nampenda huyu mtu jamani.

Sasa, kwenye kifaa cha zamani mfuko unakaa mgongoni, na mtu akiogelea kifudifudi kuvuta hewa kunakuwa kazi, kama kunywa uji mzito kwa mrija. Magesa akabuni mifuko miwili inayopita mabegani na kushuka kifuani. Usiku mmoja alinishika bega akaninong'oneza, "Nataka ikae hapa, karibu kabisa na mapafu." Nikafumba macho.

Kumbe anaongelea mifuko.

Kizibao cha kuishikilia hiyo mifuko nimekishona mimi. Nilimpima hapahapa sebuleni, amesimama wima, mikono imeshuka, kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha. Nilichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika na sijutii.

Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya Magesa kwenye majaribio, na tangu wiki iliyopita moyo wangu ulikuwa hauko sawa. Kila Magesa akizama, nyuma yake unapanda mstari mwembamba wa mapovu. Wakiitumbukiza mifuko kwenye pipa la maji kutafuta tundu, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha, hawaoni kitu. Akizama, mapovu hayo. Meja, mkuu wake, akasema basi: leo yakitoka tena, kazi inahamishiwa karakana ya Dar es Salaam na Magesa anaondoka nayo. Mwaka mzima, pengine zaidi. Atakaa kambini, na huko wake hawapokelewi.

Mwaka mzima! Hata kochi hatujamaliza kuliondoa nailoni.

Sasa niseme nilichofanya.

Jumapili tulikwenda Butiama kumsalimia mama mkwe. Ni mama mwema, mkarimu, anacheka kwa mwili wote. Wakati wa kuagana akamkumbatia mwanawe, akanusa shingo yake, akanigeukia. "Mkamwana, mbona mtoto wangu ananuka mpira?"

Alitupa ndizi, akatubariki, tukaondoka. Lakini kutoka Butiama hadi Musoma lile neno "mpira" lilikaa kwenye kiti katikati yetu kama abiria aliyelipa nauli. Mimi ndiye mke. Mtoto wa watu akinuka, anayenuka ni mimi.

Kwa hiyo jana, Magesa akiwa kazini na kile kizibao na mifuko yake vikiwa kwangu nimalizie mishono, nikavifua. Sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Ndani ya mifuko nilimimina maji ya sabuni nikaitikisa kama mtu anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Nikasuuza mara moja, labda moja na nusu. Nikaanika. Ilinukia hadi nikajisifu kwa sauti.

Leo asubuhi Meja alisema na mimi niende ufukweni, maana fundi wa kizibao anatakiwa kuwepo. Nilivaa gauni langu la kijani. Wanajeshi wote wakaniita shemeji, nikajisikia kama ndiyo naolewa tena.

Magesa akavaa kifaa. Kopo la chokaa lilikuwa bado halijafungwa kwenye kifaa, na hapo namshukuru Mungu, maana chokaa ile ikilowana huwa ni hatari kwa anayepumua. Kwanza anatakiwa apulize kuona kama hewa inapita vizuri. Akaweka mpira wa mdomoni, akapuliza.

Likatoka povu.

Jeupe, jingi, limeumuka. Likashuka kwenye kidevu, likaning'inia kifuani. Mume wangu alionekana kama mtu anayejiandaa kunyolewa.

"Afande," mwenzake mmoja akamwambia Meja taratibu, "kinatoa mapovu."

"Naona."

"Na yananukia, afande."

Meja akavua kofia. "Magesa! Kifaa kisichotoa mapovu kinatoa mapovu kikiwa nchi kavu?" Kuanzia hapo povu lililomtoka Meja lilizidi la kifaa. Alitaja Dar es Salaam nikasikia. Alitaja gari la kesho asubuhi.

Nikanyoosha mkono kama niko kidato cha pili. "Ni mimi, afande. Nilikifua."

"Ulikifua?"

"Kilikuwa kinanuka mpira."

"Shemeji," Meja akasema, na sauti yake ilikuwa karibu ya kilio, "ni mpira!"

Wenzake Magesa wakageukia ziwani wote kwa pamoja, mabega yanatikisika. Magesa hakunigombeza. Alinitazama tu na lile povu lake kidevuni, akainua mikono ili nimvue kizibao. Hapo ndipo nilipoona, kwenye bega la kushoto, chini ya mshono wangu, povu jingine dogo linajitokeza. Fyuu. Dogo kama la mtoto anayecheza na mate.

"Usishushe mikono!" nikapiga kelele.

"Imekuwaje?"

"Tulia. Sasa shusha." Likaacha. "Inua." Likatoka.

Mume wangu alisimama pale mikono juu kama mwizi wa kuku, mimi nimeinama begani kwake, na sote wawili tukaelewa kwa wakati mmoja. Mkanda wa bega niliushona mfupi. Mikono ikiwa chini hakuna shida, ila anapoogelea anainyoosha mbele, na mkanda unauvuta mpira pale unapoungana na mfuko, hewa inapenya. Kwenye pipa mfuko haukuwa umevaliwa na mtu, utavujaje? Nilimpima bwana harusi, nikasahau kwamba huyu mtu anakwenda kuogelea.

Meja alitazama povu, akanitazama mimi, akatazama povu tena. "Unaweza kukirekebisha hapahapa?"

Sindano na mkasi ninatembea navyo. Kilichokosekana ni lastiki, na lastiki nilipoitoa ni siri yangu na gauni langu la kijani. Nikakata mkanda, nikaunga lastiki, nikashona nikiwa nimekalia jiwe. Wao wakasuuza mifuko mpaka maji yakatoka hayana hata kumbukumbu ya maua, wakaianika juani mpaka ikakauka kabisa. Wakaunganisha mipira upya, wakafunga kopo la chokaa. Magesa akapuliza, akavuta, akanionyesha kidole gumba. Akaingia majini, akazama.

Ziwa likajifunga juu yake kama hakuwahi kuwepo.

Wote tukakodoa macho. Hakuna povu. Maji yametulia, yanang'aa kama sahani. Mwenzake mmoja akaanza kucheka kwa furaha. "Safi! Hakuna kitu, afande! Hakuna kitu kabisa!"

Na mimi ndiyo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia siku ya ndoa. Kazi ya mume wangu ikienda vizuri, hakuna dalili hata moja kwamba anapumua.

Nilianza kuomba. Aibu iliyoje, kuomba kinyume na mtu wako! Lile povu moja tu lingempeleka Dar, nalijua hilo, lakini nililiomba kwa moyo wote. Moja tu, Mungu wangu. Dogo. Mpeleke Dar, mpeleke popote, nitamwandikia kila siku, ila nionyeshe kwamba yu hai. Nilivua viatu nikaingia majini hadi magotini. Meja akaniita nirudi, nikajifanya sijasikia.

Maji hayakusema kitu.

Halafu mbali kabisa, upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama, kichwa kikachomoza karibu na mawe. Kichwa changu! Akavua barakoa, akapunga mkono. Nilimkimbilia na gauni likilowa hadi kiunoni, nikamkumbatia mbele ya kikosi kizima, na bado alikuwa ananuka mpira kidogo. Nilinusa kwa nguvu zangu zote.

"Umeona?" akaniuliza akihema. "Hakuna hata moja!"

Nililia tu, akadhani ni furaha, na nusu ilikuwa kweli.

Meja amesema kazi inabaki Musoma, na Magesa anabaki nayo. Amesema pia, mbele ya wote, kwamba shemeji asipewe tena sabuni. Wamecheka sana. Mimi pia.

Sasa Magesa yuko jikoni anakaanga sangara, ananiimbia kwa sauti mbaya, na mimi nasikia kila pumzi yake kutoka hapa. Alhamisi anazama tena, safari hii kwa kina zaidi. Ameniambia kwa upole kwamba kama naogopa nibaki nyumbani.

Hivi mke anazoea lini kutazama maji matupu? Au hazoei?

Nimemjibu kwamba nitakwenda. Nimemwomba tu, akiwa kule chini, anitolee povu moja dogo, la kwangu peke yangu, Meja akiwa ametazama pembeni. Amesema atafikiria.