Jina Linalokuja

Jumanne, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, ile mvua yetu ya Kyela isiyo na haraka ya kwenda popote. Mtu akiniuliza hali nitasema nzuri. Nimekula wali kwa usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimeosha sufuria, nimekaa kwenye kigoda na simu mkononi, na ndani yangu hakuna kinachosema chochote.

Leo nimepata kadi yangu ya malipo. Naandika kwa sababu nilidhani nikiipata nitajisikia kitu.

Kwa aliyeingia kwenye ukurasa huu leo: naitwa Bupe, nauza mchele Ipinda, kando ya barabara, karibu na mashine ya kukoboa. Mezani nina mizani, makopo mawili ya kupimia, na kadi ya plastiki yenye kile kimraba cha vidoa vidoa na namba chini yake. Mwenye simu kubwa anakipiga kimraba, mwenye kitochi anabonyeza namba, hela inaingia. Lipa namba, wote mnaijua.

Watu wanaiona ya kawaida siku hizi, lakini mimi nakumbuka kabla yake. Adui yangu alikuwa chenji. Abiria anashuka kwenye gari la kutoka Matema, anataka kilo mbili, ana noti ya elfu kumi, mimi nakimbia kwa muuza nyanya, kwa fundi baiskeli, kwa mama wa maandazi, nikirudi gari limeondoka na abiria wake. Sasa anapiga kimraba mguu mmoja ukiwa bado mlangoni. Anayelipa hakatwi kitu, maana kulipa kwenye kadi si sawa na kumtumia mtu hela, kule ndiko kwenye makato. Kuna mama mmoja wa Mbeya hatujawahi kuonana. Analipa asubuhi, mchana gunia lake liko kwenye basi. Angekuja lini Ipinda kuninunulia mimi?

Kwa hiyo siisemi vibaya kadi. Kadi imenilisha.

Ila haikuwa na jina langu.

Siku tulipokwenda kujisajili, vidole vyangu vilikataa. Mama Lusajo, wakala wetu, alivifuta kwa kanga, akavipaka mafuta, akanijaribisha mpaka kidole cha mwisho, mashine ikagoma. Miaka ya kupandikiza mpunga na kupasua kakao ilikuwa imesaga zile alama zote. Mume wangu, Gwamaka, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaweka kidole chake kimoja tu, ikakubali. Tukacheka. Namba ikasajiliwa kwenye laini yake, kwa jina lake, na hatukuona shida, maana jioni alikuwa ananihamishia hela yote kwenye simu yangu.

Mwaka jana, mpunga ulipokwisha kuvunwa, Gwamaka akaenda Chunya kwenye dhahabu. Alisema wiki tatu. Laini akaenda nayo.

Hapokei simu. Inaita mpaka inachoka. Ujumbe ninaomwandikia haujibiwi. Hatukugombana, na hilo ndilo linalonichosha, sina hata ugomvi wa kushika. Ila kila jioni, kabla giza halijaingia, simu yangu inalia: umepokea kiasi fulani kutoka kwa Gwamaka. Mauzo ya siku, yote. Bila neno. Miezi kumi.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya baba mkwe, la sivyo hamtanielewa.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia majanini. Vijana wengi wameacha. Baba mkwe wangu hajaacha, na mimi nilipoolewa niliikuta sheria, nikaishi nayo. Tunakaa boma moja miaka saba na sijui vizuri macho yake yana rangi gani. Mama mkwe alifariki kabla sijaja, kwa hiyo hakuna wa kutupelekea maneno. Na jina lake silitaji. Hata hapa silitaji, na msiniulize.

Sasa fikirini kadi ile. Mteja akitaka kulipa, simu inamletea jina la mwenye namba, naye kwa kuogopa kukosea anauliza: "Jina linakuja Gwamaka fulani, ndiye?" Na huyo fulani ni baba yake. Nafanyaje? Naitikia kwa kichwa. Wageni wa kutoka Dar wamewahi kudhani mimi ni bubu. Mmoja aliniongezea mia tano ya sadaka.

Jioni mzee anapita njia ya chini, nyuma ya migomba, akitoka kwenye kakao yake. Anasimama. Anakohoa. Mimi nageukia kuku, nawaambia kuku: "Ametuma." Yeye kule nyuma ya migomba anasema, "Ndaga," kama anaishukuru migomba, anakwenda zake. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwaka mzima, na habari yenyewe ni moja tu, kwamba mtoto wake yuko hai.

Nikiri jambo.

Kuna siku za mvua kama hii hauzi hata kilo. Na usipouza, hakuna cha Gwamaka kutuma, na asipotuma, nitawaambia nini kuku? Siku hizo nilikuwa nachukua simu yangu mwenyewe, napiga kimraba changu mwenyewe, najilipa mia tano. Mteja wa kwanza mimi, wa mwisho mimi. Jioni inarudi kutoka Chunya. Mwanamke mzima.

Na la pili, ambalo sijamwambia mtu. Tangu mwezi wa kumi na moja, hela aliyokuwa anatuma ilikuwa inazidi. Mimi mauzo yangu ya siku ninayo kichwani, sikosei. Kila jioni elfu moja zaidi. Nikiuza elfu arobaini, inakuja arobaini na moja. Nikijilipa mia tano, inakuja elfu na mia tano. Nikasema huyu ameshindwa kuongea ila ameanza kuongeza. Elfu moja ni nini? Ni chumvi na kiberiti. Lakini niliilalia hiyo elfu moja miezi mitano kama mto.

Ndiyo maana nilikuwa nachelewa kubadili kadi.

Mwalimu Rehema hakunielewa. Yeye ni wa Tanga, amepangiwa sekondari ya hapa, ananunua kwangu kilo mbili kila wiki na kunisema bure. "Dada Bupe, mchele wako, meza yako, halafu hela mpaka ikatembee Chunya ndiyo irudi?" Akanieleza habari ya mkopo wa akina mama. Wanaokopesha wanaangalia mzunguko wa namba yako, wanaona biashara inapumua vipi, hawataki hati ya nyumba. Mwezi wa sita mpunga unavunwa na bei inaanguka, mwenye hela wakati huo ananunua, anaweka, anauza mwezi wa kwanza. Mimi mwaka jana nilinunua gunia nne. Mzunguko ninao, na mzuri. Unasomeka Gwamaka. Nikikosa mwaka huu tena, shamba lenyewe nimeshalikodisha, nitabaki mpimaji wa mchele wa watu.

Leo asubuhi mvua ikanikuta nimeamka na uamuzi. Sijui ulitoka wapi. Nikajifunika turubai, nikaenda kwa Mama Lusajo.

Vidole vimekubali mara ya kwanza.

"Vimepona," akasema Mama Lusajo. Nikasema eeh. Mwaka mzima sijang'oa magugu, ngozi imerudi. Mengine sikumwambia. Akabonyeza bonyeza, akatoa kadi mpya kwenye droo, akaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, akanisomea jina langu na la baba yangu wa Mwaya. Kisha akiwa anafunga droo akasema, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na mkwe wako je, naye nimhamishie huku?"

Nikamuuliza kumhamishia nini.

"Si ile elfu yake. Kila asubuhi ananiletea elfu moja nimlipie kwenye namba yenu. Ananiambia nimsomee jina linalokuja. Namsomea jina la Gwamaka, anasema ndaga, anaondoka. Tangu alipouza kakao ile ya mwisho. Mimi nilijua unajua."

Sikujua.

Nilijua tu kwamba mzee aliacha chai. Zamani kila asubuhi alikuwa anakaa kwa mama ntilie pale stendi, chai ya maziwa na vitumbua viwili, elfu moja. Akaacha. Nilidhani ni tumbo.

Kwa hiyo haikuwa ya Gwamaka. Mzee alikuwa anajilipia kusikia jina la mwanawe likisomwa, na mimi nilikuwa najilipa mia tano ili nilione kwenye simu, kila mtu upande wake wa migomba, kwa siri. Na ile elfu yangu, ile niliyoilalia, ilikuwa chai ya mzee.

Sikulia. Nilimwambia Mama Lusajo asimhamishe mzee, amwache palepale. Nikanunua vocha, nikarudi mezani, nikaibandua kadi ya zamani kwa kisu na kubandika yangu. Gundi ilibaki, nikaisugua kwa mafuta ya taa.

Mwalimu Rehema alikuja saa saba na mwavuli. Kilo mbili. Akapiga kimraba, akasoma kwa makusudi, polepole, jina langu na la baba yangu. "Ndiye?"

Nikafungua mdomo. "Ndiye. Ni mimi."

Akafurahi yeye. Mimi niliangalia mizani. Sauti yangu ilikuwa imekauka, nadhani ni kwa sababu pale mezani nilizoea kuitikia kwa kichwa. Baadaye yule mama wa Mbeya, niliyekuwa nimemtumia namba mpya, naye akalipia gunia, na hela ikaingia kwangu hapohapo, simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Mchana mzima ikawa inatetemeka. Nzuri. Ilikuwa nzuri, nasema ukweli. Hela ilifika, ni mimi tu niliyekuwa sijafika.

Jioni nimerudi nyumbani. Kabla ya giza simu ikalia. Umepokea kutoka kwa Gwamaka. Elfu moja.

Elfu moja kamili, tupu, bila mchele wangu wa kuifunika.

Mzee akapita njia ya chini. Akasimama. Akakohoa.

Nitasema ukweli: nilikuwa na hasira. Hasira ilikuwa kitu cha kwanza kusogea ndani yangu leo, nikaishukuru. Nilitaka ajue kwamba mtoto wake hatumi kitu, anarudisha tu, na kwamba chai yake inakwenda Chunya na kurudi bure. Nilitaka tuumie wawili.

Kuku walikuwa wamejikunyata chini ya uchaga. Nikawaambia, "Ametuma."

Kabla hajasema ndaga nikaongeza, "Elfu moja."

Sijawahi kutaja kiasi. Nikajua ameelewa kwamba ninajua. Nikasubiri aondoke. Hakuondoka.

"Yote?" akauliza.

Mimi, si kuku. Aliniuliza mimi. Sauti yake kwa karibu ni nyembamba kuliko nilivyofikiria.

"Yote, tata."

"Hajaipunguza."

"Hajaipunguza."

"Ndaga fijo," akasema, akaenda, na nilimsikia viatu vyake vya mpira vikivuta tope mpaka nyumbani kwake. Amekwenda ameshiba, yule. Mimi nilikuwa nimempa jiwe, yeye amelipokea kama mkate.

Nimepika, nimekula, nimeosha. Nimekaa hapa na hilo neno lake. Hajaipunguza. Wazee wanatafuta heri mahali popote, nikasema. Nikafungua simu nione salio langu mwenyewe, la kadi yangu mwenyewe, nijifurahishe. Nikaona pale juu ujumbe wa Gwamaka, elfu moja, na chini yake wa jana, na wa juzi, unashuka unashuka, miezi kumi.

Kadi yangu haibanduki, hilo limekwisha. Kesho nitafungua meza mapema, na Ijumaa nitakwenda na Mwalimu Rehema kuuliza fomu za mkopo. Mzee na aendelee kumsikiliza Mama Lusajo akimsomea jina, ni hela yake.

Ila kuna kitu sikuwahi kukaa nikakifikiria, mimi mfanyabiashara. Kumtumia mtu hela kuna makato. Ukituma elfu moja, yako inaondoka zaidi ya elfu moja. Elfu arobaini ndiyo usiseme. Na kwangu haijawahi kufika imepungua, hata jioni moja, hata ile mia tano ya kipumbavu.

Miezi kumi yote, makato alikuwa analipa nani?