Gia ni Gia

Jumatatu, 3 Juni
Duka nimefungua saa mbili. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba wamechukua nyavu mbili na plagi za injini ya mtumbwi. Mchana nikapeleka gari gereji. Kila kona inalia nyuma, ka-ka-ka. Barabara ikinyooka, kimya. Tangu Aprili iko hivyo.

Fundi wa hapa Kitaji, Musoma, hakumaliza dakika tano. Difu imekufa, mama, gia za ekseli ya nyuma. Milioni moja na laki sita, ya mtumba, nusu nitangulize leo. Hata chini ya gari hajalala akaangalia. Halafu ananiuliza gari ya mbio ya kizee hivi, milango miwili, mama mzima naitakia nini. Nimewasha nikaondoka. Inalia, lakini inakwenda.

Jumanne, 4 Juni
Kaka Magesa kapiga simu kutoka Butiama. Jumamosi tunaweka msalaba kwenye kaburi la baba, ukoo wote utakuwepo. Karudia uamuzi wa kikao cha ukoo: gari ifike yenyewe, bila kulia. Ikishindwa, inachukuliwa na mnunuzi wa Bunda, yule anayekata magari auze vipuri. Hela wanunue ng'ombe.

Nina hasira. Baba alistaafu ualimu akanunua gari ya viti viwili, mji ukamcheka, yeye akawa anawapigia honi. Akaniachia mimi. Gari ya baba kwa mtoto wa kike, hilo ndilo linalowauma. Mlio ni kisingizio. Ufunguo sitoi.

Jumatano, 5 Juni
Bunda. Nimemfuata Mzee Wambura, fundi, ndiye alikuwaga anaishika gari hii enzi za baba. Kaniambia nizunguke uani kwake duara dogo, yeye anatembea kando ametega sikio. Akafungua nati ya difu, akapata oili kidogo kidoleni, akainusa. Akainusa tena.

"Nani kaitilia hii gari oili ya mtumbwi?"

Nimemwambia sijui. Nimemdanganya mzee wa watu.

Ni mimi. Aprili niliona difu inavuja. Nikachukua kopo la bluu kwenye rafu yangu dukani, oili ya gia za injini za mitumbwi. Wavuvi wakiniulizaga ipi inafaa, nawajibu gia ni gia, chukua. Nikajiuzia na mimi.

Difu ya gari hii ina sahani ndani, zinateleza kwenye kona kwa oili yake maalumu; bila hiyo zinashikana na kulia. Haijafa, kasema mzee. Imelishwa vibaya. Makopo mawili kutoka Mwanza na kazi yake, laki mbili na thelathini. Nimelipa palepale, hela ya nyavu mpya. Nyavu zitasubiri.

Alhamisi, 6 Juni
Basi la Mwanza limefika bila makopo. Nalala kwa shangazi hapa Bunda. Sitaki kuongea na mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Makopo yamekuja saa kumi. Oili ya zamani imetoka nyeusi, na ungaunga wa chuma. Mzee kasema sahani zimelika kidogo, haniahidi kitu. Niendeshe kwa kuzungusha umbo la namba nane polepole, mara kumi na tano hivi, oili mpya iingie kwenye sahani. Nimezungusha tatu uani kwake. Bado inalia. Wateja wake wakaanza kuguna, nikaacha.

Nimelia kidogo kwenye usukani. Basi. Kesho naenda nayo hivyohivyo.

Jumamosi, 8 Juni
Butiama. Kona ya kuingia nyumbani imelia na wote wamesikia. Mnunuzi alikuwa ameshafika, kakaa anakunywa soda yetu. Magesa akanyoosha mkono anataka ufunguo. Nikamwambia apande.

Nikaingia malishoni nyuma ya nyumba nikaanza namba nane. Ng'ombe wakatimka. Mama mdogo ananiita mwehu, watoto wanahesabu kwa sauti. Ya tano inalia. Ya tisa inalia kidogo. Magesa kashikilia mlango kwa mikono miwili. Sikuwa na uhakika kama itanyamaza, na sikutaka inyamaze nikiwa na uongo mdomoni.

"Kaka, ni mimi niliyeiharibu. Nilitia oili ya mtumbwi."

Ya kumi na moja ikaisha.

"Baba naye aliwahi kuitilia dizeli," akasema. "Alinikataza nisikwambie."

Tumecheka mpaka nikakosea namba nane. Ya kumi na tatu, kimya. Nikazungusha nyingine tatu za ubishi, taratibu, mbele ya mnunuzi. Kimya. Magesa akashuka, akaenda kumwambia amalize soda yake. Ndipo tukaenda kuweka msalaba.

Jumapili, 9 Juni
Musoma. Kanisani, halafu dukani kidogo. Gari iko nje, nimeifunika turubai. Makopo ya bluu nimeyashusha rafu ya chini na kuyaandikia kwa kalamu nzito: MTUMBWI TU.

Jioni mvuvi mmoja wa Rukuba kaniuliza kama ile oili inafaa kwenye pikipiki ya mdogo wake. Nimemwambia sijui. Safari hii ni kweli.