Nimemnyang'anya Mdogo Wangu Arusi ya Mchezo

Mpendwa Bibi Mugure, naomba unisaidie upesi, maana zimebaki wiki tatu mchezo wetu uonyeshwe.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mmoja, tunakaa nyumba za reli hapa Nakuru, na mdogo wangu, nitamwita Nasambu ingawa si jina lake, ana miaka kumi na saba. Chama chetu cha wanawake kinatayarisha mchezo wa kuigiza kutoka kitabu cha zamani cha Kizungu, hadithi ya ndugu watatu wa kike wanaokua nyumba moja, mwalimu wetu amekitia Kiswahili mwenyewe, na mimi ndiye niliyemfundisha Nasambu maneno yote jikoni tukimenya viazi, lakini siku ya kugawa sehemu yeye akapewa dada mdogo anayeolewa, na mimi dada mkubwa anayebaki nyumbani, mwalimu akisema eti, "Wewe sura yako ni ya kuvumilia." Bibi, watu walicheka! Tangu hapo nyumba yote ni Nasambu, mama anamshonea gauni jeupe, majirani wanamwita bibi arusi, hata baba, ambaye hajanisifu hata kwa chai, akirudi kutoka stesheni anamwambia, "Hebu tusomee kidogo, mama." Wivu ulinishika mpaka nikawa naomba apate mafua.

Kisha nikafanya jambo. Kwetu mdogo hamruki mkubwa kuolewa, ni mwiko, na shangazi yetu wa Mau Narok ndiye mlinzi wa mambo hayo, basi nikamwandikia kwamba Nasambu ataolewa mbele ya watu na kuombewa baraka kwa sauti, na mimi mkubwa nimekaa kando natazama. Sikuandika kwamba ni mchezo. Shangazi alikuja na lori la ngano, na alipoelezwa akasema, "Baraka haijui mchezo. Ikitamkwa imetamkwa." Baba akampelekea mwalimu neno hilo. Mwalimu akanipa mimi bibi arusi, na Nasambu akawekwa kuvuta pazia.

Hajui ni mimi. Alilia siku mbili, halafu akaja mwenyewe kunipima gauni, ananirekebisha maneno, ananiambia, "Dada, afadhali ni wewe kuliko mtu mwingine." Natamani ardhi inimeze. Na bado, Bibi, nalitaka gauni lile, nikilivaa napendeza. Nimwambie, au ninyamaze mpaka mchezo upite?

Naliaka, Nakuru

Binti yangu Naliaka,

Mara ya kwanza nilisoma barua yako nikacheka, mara ya pili nikakasirika. Kumfundisha mtu maneno, halafu yeye ashangiliwe na wewe uambiwe una sura ya kuvumilia, kunauma, na huyo mwalimu angechunga ulimi. Wivu wa dada naujua. Mimi nina dada watatu na hatukugawana hata kitana kwa amani. Lakini wewe hukuishia kuona wivu. Ulichukua mila ya wazee wako ukaifanya rungu. Ungekuwa unaogopa mwiko, ungemwambia shangazi ukweli wote.

Unauliza kama unyamaze. Shangazi anajua ni nani aliyeandika. Siku moja, kwenye matanga au arusi ya kweli, atalitaja bila hata kufikiri, na siku hiyo utamtafuta dada usimpate.

Kwa hiyo leo, kabla gazeti hili halijamfikia, mwambie kwa mdomo wako, wala usianze na habari za mwalimu. Akilia mwache alie, akikupiga kofi lipokee. Kisha mwende wote wawili Mau Narok. Unadhani mwiko ule ni wa shangazi, lakini anayerukwa ndiye mwenye neno. Mkubwa akisimama akasema, "Mimi mwenyewe nimempa njia mdogo wangu," ni nani atakayemzuia? Sema hivyo mbele ya shangazi, na urudie mbele ya baba yako. Shangazi akikataa hata hivyo, gauni lile usilivae wewe; mwalimu atafute mwingine.

Halafu rudi kwenye sehemu yako ya dada anayebaki nyumbani. Siku ya mchezo utamwona Nasambu anaolewa, watu wanapiga makofi, na roho itakuchoma tena. Usiufiche wivu huo. Utakuwa jukwaani, mahali pekee Nakuru nzima ambapo unaruhusiwa kuuonyesha.

Bibi Mugure